Kona ya Mama na Swali Lililoachwa Ubaoni

Tii. Tii. Tii.

Nikifunga macho naisikia mpaka leo: kichuma kilichochongoka kikigonga ukingo wa kopo la rangi, mara ya kwanza kwa hasira, ya pili kwa uvivu, ya tatu kama mtu anayesinzia kanisani. Halafu kimya. Watu wazima kumi na kitu wamesimama wakiukodolea uzi macho. Mimi nimeshika kopo kwa mikono miwili, maji yananimwagikia vidoleni, naogopa hata kupumua. Nitawaambia ilikuwa nini, lakini kwanza niwakumbushe wenzangu tulikuwa watu wa aina gani.

Sisi ni wale wa Makongeni, Thika, tuliosoma barabara kuu ya Thika ikiwa bado inachimbwa, vumbi mpaka ndani ya masikio. Viatu vya shule vilinunuliwa vikubwa namba mbili ili mguu uje uvifikie, na ulipovifikia vilikuwa vimeshatoboka. Ijumaa kila mtu alikuja na maji ya kuoshea darasa kutoka kwao, na ukiyamwaga njiani ulijazia popote, mwalimu asiulize wapi. Tulicheza kati kwa mpira wa karatasi za nailoni zilizofungwa kwa kamba ya mkonge, na ukikupata mgongoni ulijua kweli umepatwa. Tulicheza blada, ule mpira mrefu wa kuruka, mpaka ikakatika, tukaifunga fundo, tukaendelea. Tulicheza brikicho, kujificha na kutafutana, hadi wazazi wakatoka milangoni kuita majina, kila mama na sauti yake, na sikumbuki mtoto aliyewahi kukosea sauti ya kwao. Tulikula mabuyu tukarudi nyumbani na midomo myekundu, tukiapa hatujaonja kitu. Upepo ukitoka upande wa viwandani ulileta harufu ya mananasi yakipikwa, na mimi, niliyekuwa na ndoto nyingi kuliko madaftari, nilikuwa nafungua mdomo niimeze ile harufu bure.

Mtoto wa siku hizi kitu kikimponyoka mkononi huwa ni simu, na anachoangalia ni kama kioo kimepasuka. Sisi kitu kikituponyoka tuliangalia kinavyoanguka. Huo ugonjwa mimi niliambukizwa na Mwalimu Zuhura.

Mwalimu Zuhura alitufundisha sayansi darasa la sita. Alikuwa mzaliwa wa Thika pale pale, mtandio wake umenyooka hata kukiwa na upepo, chaki mpaka kwenye viwiko, na sauti ambayo haikuhitaji kiboko. Siku moja alipanda juu ya kiti chake, mwalimu mzima juu ya kiti, akashika jiwe mkono mmoja na kipande cha chaki mkono wa pili.

"Gani itafika chini kwanza?"

Darasa zima, na tulikuwa wengi kama mbegu za papai, tukapiga kelele: "Jiwe!"

Akaachilia. Pa! Sauti moja. Akarudia. Pa! Kevo, mjuaji wetu wa darasa, akasema Mwalimu amelichelewesha jiwe kwa ujanja. Mwalimu akashuka, akamwonyesha kiti. Kevo akapanda, akainua mikono kama mhubiri, akaachilia. Pa! Akateremka akaenda kukaa, akipangusa chaki mikononi.

Mwalimu akatueleza kwamba jiwe linavutwa na dunia zaidi ya chaki, ndiyo, lakini jiwe hilo hilo pia ni gumu zaidi kulisogeza, kwa hiyo hayo mawili yanatoka sare. Ndipo akatuandikia sheria ya uvutano. "Kila kitu kinavuta kila kitu kingine," alisema. "Dunia inavuta jiwe, na jiwe, dogo hivyo, nalo linavuta dunia." Tukacheka. Akangoja tumalize. "Kitu kikiwa na maada nyingi, kinavuta zaidi. Vitu viwili vikitengana mara mbili ya umbali, mvuto haubaki nusu, unabaki robo. Vikitengana mara tatu, unabaki sehemu moja kati ya tisa. Na hiyo sheria inayoangusha avokado kwa jirani yenu, ndiyo hiyo hiyo inaushika mwezi usitoroke."

Nilichungulia dirishani mchana ule nikautafuta mwezi, nione kama kweli umeshikwa.

Halafu nikainua mkono. Mimi sikuwa mtu wa kuinua mkono; nilikuwa yule wa kukaa karibu na ukuta nikiota. Lakini jambo lilikuwa limenikaba.

"Mwalimu, inavuta na nini? Kamba sioni."

Aliangalia chaki mkononi mwake kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wa jirani akalisahau. Kisha akasema, "Sijui, Shiru."

"Heee!" darasa likalipuka. Kevo akapata nguvu upya huko nyuma: "Mwalimu hajui!"

"Sijui," akarudia, bila aibu hata kidogo. "Na yule mzungu aliyeiandika hii sheria zamani alikiri kwamba hata yeye hajui. Sheria inakwambia kiasi gani, na inakwambia kuelekea wapi. Ukitaka kujua mwezi utakuwa wapi mwaka ujao, inakupa jibu. Ukiiuliza kwa nini vitu vivutane badala ya kuachana tu, inanyamaza." Akageuka, na juu kabisa pembeni mwa ubao akaandika KWA NINI? akazungushia kisanduku. Akamwambia kiranja, "Ubao ufutwe kila siku, lakini hapo pasiguswe."

Hapakuguswa. Mwalimu wa Kiswahili alifundisha ngeli chini ya lile swali, wa hesabu akagawa sehemu chini yake, mpaka muhula ukafungwa. Nimesikia watu wakijisifu jinsi walimu wao walivyojua kila kitu. Mimi najivunia wangu, aliyesema hajui mbele ya watoto waliokuwa wanangoja kumcheka, na bado akabaki mrefu.

Nyumbani tulikuwa wawili tu, mimi na Mama, katika chumba kimoja chenye pazia katikati. Kila alfajiri Mama alitoka kwenda Ruiru kwenye mjengo. Miaka ile Ruiru ilikuwa inaota magorofa kama uyoga baada ya mvua, na kwenye mjengo mwanamke alikuwa na kazi yake inayojulikana: kubeba maji, kukoroga mota ya mchanga na simiti, kuwapitishia mafundi mawe. Miaka mitatu Mama alibeba maji. Lakini wenzake wakipumzika, yeye alikuwa anasimama nyuma ya fundi akiangalia mikono. Akanunua mwiko wa kujengea uliotumika, kisha akanunua timazi, kile kichuma kizito chenye ncha kinachofungwa kwenye uzi. Ukikining'iniza, uzi unanyooka kuelekea chini kabisa, na ukuta unatakiwa uufuate ule uzi. Mama aliifunga timazi yake kwenye kitambaa, akaiweka kikapuni pamoja na chakula chake cha mchana, kama kitu cha kuliwa.

Nilipomsimulia ile sheria tukila githeri, alitafuna taratibu, akasema, "Kwa hivyo mwalimu wenu amewafundisha kile kitu mimi hushika kila siku."

"Lakini, Mama, hakuna mtu anajua kwa nini inavuta."

"Sitaisumbua na maswali," Mama akasema. "Bora tu isichoke nikiwa juu ya ngazi."

Shule zilipofungwa Agosti, hakukuwa na mtu wa kuniachia, kwa hiyo Mama alinipeleka mjengo. Kulikuwa na nyumba mbili zinajengwa. Ya kwanza ilikuwa imefika juu, na slabu, ile sakafu ya zege ya ghorofa ya kwanza, imekauka. Ya pili ilikuwa ndiyo inaanza kutoka kwenye msingi. Nilipewa sharti moja, nikae mahali ninapoonekana, na nikaambiwa nimsalimie kila mtu vizuri. Mkubwa wa pale alikuwa Nyapara Mburu, baba mmoja mpana, kofia imekaa kando, asiyecheka kabla ya saa nne. Alikuwa na pima maji ya zamani, mbao ndefu nyeusi kwa kushikwa, yenye vichupa vidogo vya maji na kipovu ndani. Kipovu kikikaa katikati, kazi yako imenyooka. Aliachiwa na fundi aliyemfundisha kazi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa inalala kwenye gunia safi kuliko blanketi yangu.

Wa pili nitakayemtaja ni Fundi Musyoka, aliyekuwa anatoka mashambani mashariki ya Thika, mdomo haufungi. Asubuhi hata nyapara alikuwa anapitia kwake kupata habari.

Sasa, kwenye mjengo kona haipewi mtu yeyote tu. Kona ndizo zinainuliwa kwanza, kisha uzi unavutwa kutoka kona moja hadi nyingine, na mafundi wengine wanajaza katikati wakifuata uzi. Kona ikilala upande, ukuta mzima unalala nayo. Kwa hiyo kona ni ya fundi aliyeiva. Wiki ile fundi mmoja alikuwa ameitwa kwao, na kona ya nyumba ya pili, ile inayotazama barabara, ikabaki bila mtu. Mama akaweka ndoo chini, akaenda kwa Nyapara Mburu, akaiomba.

"Kona?" Nyapara alimwangalia kama ameomba kuoa. "Wewe?"

"Mimi."

Musyoka hakuweza kujizuia. "Mama Shiru, kona si chapati. Hii ukikosea hugeuzi upande wa pili."

"Wewe nawe umeonja chapati zangu lini?" Mama akamjibu, na watu wakacheka upande wa Mama.

Nyapara alijikuna shingo muda mrefu. "Sikiza. Nakupa leo na kesho. Kozi saba za mawe. Ikisimama sawa, Jumatatu wewe ni fundi kama hawa. Ikilala naibomoa na mikono yangu, unarudi kwa maji, na sitaki kusikia hiyo stori tena."

Nilimwona Mama akifungua kile kitambaa. Mawe ya kuchongwa ya Ndarugu si mchezo, yanalia yakigusana, na yeye aliyainua moja baada ya jingine, akayalaza kwenye mota kama mtu anayelaza mtoto, akaning'iniza timazi, akagonga kidogo kwa mpini wa mwiko, akarudi nyuma akatazama. Kufika saa sita kozi nne zilikuwa zimekaa. Wale wanawake wenzake wa maji walikuwa wakipita pale makusudi, kila mmoja na ndoo yake, wakipinda njia ili waione kona.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Watu wote walishuka kwenda kula chapo dondo, chapati na maharagwe, kwa kibanda cha jirani. Mimi nilibaki na wazo langu. Jiwe na chaki vyote ni vidogo, nilijiambia. Labda Mwalimu amechagua vitu vya kumsaidia. Je, kitu kirefu cha mbao nacho kitafika sawa na kokoto? Na kitu kirefu cha mbao kilikuwa pale juu ya slabu ya nyumba ya kwanza, kimeegemezwa ukutani, nje ya gunia lake. Nilipanda ngazi. Nikalala kwa tumbo ukingoni, pima maji mkono mmoja, kokoto mkono wa pili, chini kuna rundo la mchanga. Nikaachilia.

Pu! Sauti moja.

Jamani, furaha! Nilicheza juu ya ile slabu peke yangu. Mwalimu Zuhura alisema kweli, na dunia nzima ya Ruiru imetii. Nilipofika chini ndipo nilipoona pima maji imesimama kichwa ndani ya mchanga, na nilipoichomoa nikasikia kichwa chake kikikwaruza jiwe lililojificha humo. Niliipangusa kwa gauni. Haikuwa na ufa. Kipovu kilikuwepo. Nikairudisha mahali pake, nikaenda kula chapati yangu, na sikumwambia mtu.

Siku ya pili upepo uliamka mbaya. Wanaojua Ruiru Agosti wanajua lile vumbi jekundu linalokufuata mpaka mfukoni. Timazi ya Mama ilicheza kutoka asubuhi. Alikuwa akiukinga uzi kwa mwili wake, akingoja upepo upumzike, anasoma haraka, analaza jiwe, anangoja tena. Saa tisa jiwe la mwisho la kozi ya saba likakaa. Akapangusa mikono kwa leso, akamwita Nyapara.

Watu walikusanyika. Nyapara Mburu akaleta pima maji yake, akaiegemeza kwenye kona, akainamisha kichwa. Kipovu kikatoka katikati kikaenda pembeni. Akaitoa, akapangusa ukuta kwa kiganja, akaweka tena. Pembeni vile vile.

"Imelala," akasema. Hakusema kwa kufurahia.

"Nilipima na timazi," Mama akasema.

"Timazi gani, Mama Shiru? Hiyo imecheza disko tangu asubuhi. Niamini upepo, ama niamini hii?"

Na Mama, wenzangu, Mama hakubishana. Aliigeuza mikono yake, akaitazama viganja, mota imekauka kwenye mistari, kama mtu anayetafuta pale kosa lilipo. Nikajua ameamini. Aliamini kwamba miaka mitatu ya kusimama nyuma ya mafundi akiangalia ilikuwa bure. Nyapara akainama kuchukua nyundo.

Nilikuwa naogopa vitu vingi wakati ule: Nyapara, kupigwa, Mama kufukuzwa kazi kwa sababu yangu. Vyote vikanijia pamoja, lakini ile mikono ya Mama ilikuwa mizito kuliko vyote.

"Usibomoe!" nikapiga kelele. "Ni mimi! Niliiangusha pima maji! Jana, kutoka kule juu!"

Nyundo ikabaki hewani. "Uliangusha nini?"

"Pima maji. Nilitaka kujua kama itafika chini pamoja na kokoto."

Nyapara akaishusha nyundo taratibu. Ndipo Musyoka, Mungu ambariki popote alipo, akauliza kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua, "Na zilifika pamoja?"

"Ndio."

"Haki?"

"Haki ya Mungu. Pu moja."

Watu wakacheka, wengine wakijizuia kwa sababu ya uso wa Nyapara, uliokuwa umebadilika rangi. Nilidhani atanipiga. Lakini fundi ni fundi hata akiwa na hasira. Aliangalia ile mbao, kisha akaigeuza kichwa chini, akaiegemeza tena mahali pale pale kwenye kona. Kipovu kikakimbilia upande wa pili.

"Ukuta mmoja hauwezi kulala huku na huku," Musyoka akasema polepole.

Nyapara akakaa juu ya jiwe, pima maji magotini, kama mtu aliyeletewa habari za msiba. Nilianza kulia. Alipozungumza, hakunitazama. "Sawa. Hii imekufa. Lakini kwa sababu hii inadanganya, haimaanishi kona inasema ukweli. Timazi inacheza. Tutajuaje?"

Hapo Mama akainua uso.

"Nimebeba maji hapa miaka mitatu," akasema. "Shiru, wacha kulia. Leta kopo la rangi, lijaze."

Nikakimbia. Mama alipanda juu ya pipa la maji, akaufunga uzi kwenye kijiti juu ya kozi ya mwisho, akaiteremsha timazi taratibu mpaka ikazama ndani ya kopo nililoshika. Upepo ukaisukuma. Ikagonga ukingo, tii. Maji yakaishika mabega. Tii. Ikachoka. Tii. Ikanyamaza. Maji hayakuibadilisha njia yake ya kwenda chini, yaliinyang'anya tu ule wasiwasi. Sijui Mama alilitoa wapi wazo hilo. Nadhani alilitoa kwenye zile ndoo zote alizobeba akijifunza kutozimwaga.

Nyapara alitoa njiti ya kiberiti mfukoni. Akapima nafasi kati ya uzi na jiwe kule juu. Akapima katikati. Akapiga magoti, mtu mpana vile, akapima chini karibu na pua yangu, nilisikia anavyopumua. Kona ina nyuso mbili, kwa hiyo tukahama upande wa pili, mimi na kopo langu, tukangoja tena kile kimya, naye akapima juu, katikati, chini. Njiti ile ile, nafasi ile ile.

Akasimama. Akavua kofia.

"Iko sawa," akasema. Halafu, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani: "Ngai! Mama Shiru, kona iko sawa! Jumatatu ukuje na mwiko yako!"

Wale wanawake wa maji walipiga vigelegele mpaka mwenye kibanda akatoka kuangalia nani anaoa. Musyoka akampa Mama mkono kama anavyopeana na mafundi wenzake, kwa nguvu, akasema, "Fundi, hiyo chapati nimeshindwa kuikosoa." Na mimi niliadhibiwa: kuosha miiko na karai zote kila jioni mpaka shule zifunguliwe. "Na siku nyingine ukitaka kuangusha kitu," Nyapara akaniambia, "angusha kichwa ya Musyoka. Hiyo haiharibiki."

Nilingoja Mama anichape tukifika nyumbani. Aliwasha jiko, akachemsha chai, akanimiminia kikombe kilichojaa. Kisha akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Ungenyamaza, ningeamini mikono yangu ni mibaya mpaka nife."

Nilipomsimulia Mwalimu Zuhura muhula ulipofunguliwa, alicheka mpaka akashika meza. Aliniambia kwamba hiyo ndiyo sayansi, ila wanasayansi huomba ruhusa. Sikufika mbali kimasomo. Kidato cha nne kilikuwa mwisho wangu. Siku hizi natoa fotokopi Kahawa Wendani karibu na hosteli za wanafunzi, na wanafunzi hunipa elimu bila kujua. Mmoja wa fizikia alinieleza kwamba ile sheria ya darasa la sita haitoshi, kwamba ile sayari iliyo karibu zaidi na jua huteleza kidogo tu kando ya hesabu yake. Wakaja wengine na hesabu bora zaidi, wanaosema hakuna kuvutana; ni nafasi yenyewe na wakati vinavyopinda panapokuwa na kitu kizito. Nilifurahi sana. Hata ile sare ya jiwe na chaki, ambayo sheria ya kwanza iliichukua tu kama ilivyo, hawa wapya wameanzia hapo. Nikamuuliza, "Na kwa nini vipinde?" Alitoa simu, akaiangalia, akasogeza kidole, akasogeza tena, akaniambia bando imeisha.

Siwacheki sana. Wana akili kutuzidi, na kwenye mijengo ya sasa vijana wanapima kwa mstari mwekundu wa mwanga usiojali upepo. Watoto wa Membley, mtaa wa wenye nafasi, wanapelekwa shule na gari mpaka mlangoni, na hakuna atakayewahi kurudi nyumbani na midomo ya mabuyu. Lakini huwa nawahurumia kidogo. Swali halikai nao hata dakika moja. Likitoka mdomoni simu imeshalijibu, kweli au uongo, na wanaendelea. Sisi swali letu lilikaa ubaoni muhula mzima likitutazama, tukakua nalo kama ndugu. Najua kiasi gani, najua kuelekea wapi. Kwa nini, bado sijui, na sioni haya, kwa sababu najua ni nani alinifundisha kutojua.

Mama magoti yamemlazimisha kupumzika. Alijenga kona nyingi baada ya ile, nyingine hata mwenyewe hazikumbuki. Ile ya kwanza bado ipo Ruiru, imepakwa rangi ya krimu, chini kuna duka la vifaa vya simu. Juzi nilikuwa na shughuli huko nikaipitia. Jamaa wa matangazo wameigeuza ubao wao: mganga anayerudisha mpenzi, vyumba vya kupanga, mtu wa kuzibua choo, moja juu ya jingine mpaka ukuta hauonekani. Mwenye duka alikuwa ndani na mteja. Hakuna aliyenijua pale, na sikuwa na mtu wa kumwambia.

Niliweka mkoba chini, nikapiga magoti kwenye simiti, nikaanza kubandua kwa kucha, karatasi moja moja, kutoka chini kwenda juu, pande zote mbili za kona, mpaka mahali mkono wangu ulipofika.